Siku Niliyokamatwa kwa Wizi wa Ufuta Nikienda Qatar

Jamani, mimi nimewahi kukimbizwa kama mwizi uani kwetu, mchana kweupe, na watu walewale waliokula wali wa kuniaga asubuhi ya siku hiyohiyo. Nalisema mwenyewe mapema kwa sababu ukifika kijijini kwetu Chinongwe ukalitaja jina la Mwanaidi, yeyote utakayemkuta barazani atakusimulia, tena kwa kutia chumvi, kwa hiyo bora chumvi niitie mimi. Aibu yenyewe nimeshaizoea. Nikiikumbuka nacheka, halafu katikati ya kicheko namkumbuka mama.

Chanzo ni mdogo wangu Hamisi. Tumezaliwa wawili tu, na huyo Hamisi nimembeba mgongoni mpaka akaota ndevu (haya, chumvi hiyo, lakini si nyingi). Alikwenda Qatar kupika hotelini, akakaa miaka, akaoa binti wa Tanga, akamchukua, na yule binti alipopata mimba ya kwanza Hamisi akanipigia simu akasema, "Dada, njoo ukae naye akijifungua. Huku majumba ni marefu na mazuri, lakini hakuna jirani wa kumwomba hata maji ya moto." Nikalia hapohapo kwenye simu, nikasema nakuja, hata sijauliza nauli ni ya nani wala Qatar iko upande gani.

Basi tukaanza mipango, na mipango ile, wenzangu, ilikuwa tamu kuliko safari yenyewe. Kila jioni watu wanakuja kwetu kutoa ushauri, wote hawajawahi kuvuka hata Rufiji. Mmoja anasema huko jua linakaanga yai barabarani, mwingine anasema hapana, huko ndani ya nyumba ni baridi, chukua sweta. Wanawake wakaleta korosho za kubangua, mbaazi, na ming'oko ya kuchemsha kwa ajili ya Hamisi, maana mtoto wa huku akikaa mbali hicho kimzizi ndicho anachokiota usiku. Mtani wetu Saidi, Myao mmoja asiyejua kuongea bila kutania, akaja na mche wa mkorosho umepandwa kwenye kopo la maziwa, akasema, "Kampandie huyo ndugu yako. Jangwani hakuna kivuli, atakaa wapi akitaka kunung'unika?"

Mama peke yake ndiye ambaye hakuchangia neno. Alikuwa anapeta mchele tu. Mara ya kwanza nilipomwambia alikataa katakata: "Nina watoto wawili, mmoja kamezwa na mchanga, wa pili naye nimpeleke mwenyewe?" Nikabembeleza, nikamtuma na mwalimu wa madrasa, mwisho akakubali kwa sharti moja. "Utasomewa dua, utaondoka. Ukishatoka umetoka. Safari ikikugeuza njiani, basi imekukataa, na usiniombe tena."

Hilo sharti hakulitunga yeye. Kwetu msafiri aliyesomewa dua hageuki nyuma, na uwanja haufagiliwi mpaka isikike amefika, hata kama nyumba imejaa mifupa ya kuku. Nikasema sawa, kitanigeuza nini?

Asubuhi ya kuondoka dua ikasomwa, ubani ukafuka, watu wakala. Mama alinipaka hina miguuni kwa mkono wake, taratibu, ua moja kwenye kila unyayo, kama vile naolewa. Pasipoti yangu ilikuwa inakaa chini ya godoro lake wiki zote zile, na nilipoiulizia akasema, "Nimeshaitia kwenye begi, usipekue begi lililofungwa." Nikapanda bodaboda mpaka Nachingwea kwa shangazi Somoe, dada wa marehemu baba, ambaye ningelala kwake nipande basi la Dar alfajiri.

Shangazi Somoe aliwahi kukaa Maskati ujanani, kwa hiyo katika ukoo wetu ndiye profesa wa Uarabuni. Sijakaa sawasawa akaanza somo. Akanifundisha kupanda ngazi zinazotembea (kwa kunishika mkono na kunirusha juu ya mkeka), akanivalisha baibui lake jeusi, akanifunga ninja, macho tu nje, akanipa na glovu, akarudi nyuma kunitazama, akasema, "Sasa hivi hata mama yako hakujui." Kumbe!

Tukafungua begi tuweke na nguo nyingine. Korosho zipo, mbaazi zipo, ming'oko ipo. Pasipoti haipo. Tukamwaga kila kitu kitandani, tukakung'uta mpaka soksi. Haipo.

Nikajua mama kasahau, iko palepale chini ya godoro. Mwenye akili angepiga simu, lakini nikimpigia mama nimwambie nini? Angesema safari imekukataa, na Hamisi kule ananihesabu, na yule binti wa Tanga tumbo liko puani. Ndipo nikapata wazo, na wazo lenyewe lilikuwa limeshavaa nguo: niende hivihivi nilivyo, na ninja yangu, niingie kwa nyuma, niivute pasipoti, nitoke, nani atajua? Shangazi akashika kichwa. "Mwanaidi, yakimwagika hayazoleki." Nikamwambia shangazi, haya hayajamwagika, yameinama tu.

Bodaboda ikanirudisha, nikamwambia dereva asubiri barabarani, nikakatiza kwenye mikorosho huku baibui linanasa kila kijiti. Ilikuwa alasiri. Kilichonitoka akilini ni kwamba ule ulikuwa msimu wa ufuta, na mwaka ule wezi wa ufuta walikuwa wametusumbua mpaka watu wanalala shambani. Ufuta wa kwetu ulikuwa umesimamishwa matita juu ya turubai nyuma ya nyumba, chini ya dirisha la chumba cha mama, unakaukia pale. Na watu waliokuja kuniaga hawakuwa wameondoka! Walikuwa uwanja wa mbele wanamalizia ukoko na kunisema.

Nikanyata mlango wa uani, nikaingia chumbani, nikainua godoro. Hakuna kitu. Nikapapasa huku, nikapapasa kule, mara nasikia kandambili zinakuja ukumbini. Mimi huyo, nikapanda dirisha, mtu mzima na makalio yangu haya, kiatu kimoja kikabaki ndani, baibui likanasa kwenye komeo, nikaning'inia kidogo pale nikimtaja Mungu, halafu kitambaa kikachanika nikadondoka mzimamzima katikati ya matita ya ufuta. Yale matita yalikuwa makavu. Mjuao ufuta mkavu mnajua: hata ukiupigia chafya unamwagika. Mimi niliuangukia.

"Mwizi! Mwizi wa ufuta, kavaa baibui!"

Nikainuka nikakimbia. (Mpaka leo naulizwa kwa nini ulikimbia kwenu, nami nasema iulizeni miguu.) Kiatu cha pili kikatoka. Nasikia nyuma yangu, "Mwanaume huyo! Mwanamke gani anakimbia hivyo?" nikaumia moyo hata katika hali ile. Barabarani yule dereva aliposikia neno mwizi akawasha pikipiki akapotea, na sijamwona tena. Mtani Saidi akanifikia kwenye mkorosho wa tatu, akanikumbatia kwa nyuma, tukaanguka wote.

Wakanizunguka, mafimbo juu. Sema jina lako! Mimi kimya. Nikisema tu sauti inajulikana, na safari imekwisha, kwa hiyo nikaamua kuwa bubu, na ububu wangu ukazidi kuwachoma. "Hana kwao huyu!" "Mvueni hiyo ninja!" Nikaishikilia kwa mikono miwili. Akina mama wakaniburuta mpaka uani, nikalazwa kifudifudi juu ya turubai, na hapo ndipo mama akafika na mwiko wa wali mkononi.

Akasogea miguuni kwangu. Nikasikia mwiko unawekwa chini.

"Muachieni," akasema. "Hiyo miguu nimeizaa mimi. Na hiyo hina nimeipaka mimi leo asubuhi."

Nikageuka, nikavua ninja mwenyewe, nikalivua na baibui nikalitupa chini. Sijui niwaambieje nyuso za wale watu. Mwalimu wa madrasa aliyenisomea dua alikuwa ameshika mpini wa jembe, akaanza kuuficha nyuma ya kanzu. Mtani Saidi akakaa chini kabisa, akasema, "Loo! Qatar kumbe ni karibu hivi! Umefika, umezalisha, na umesharudi?" Watu wakaangua kicheko, wengine wanalia. Bibi mmoja akachukua fagio azoe ule ufuta, mwenzake akamzuia, uwanja haufagiliwi msafiri hajafika, wakaanza kubishana kwa dhati kabisa, mpaka Saidi akawaamulia: "Fagieni tu, mzigo umerudishwa kwa mwenyewe." Akaliokota lile baibui lililochanika, akalivaa, akatembea uwanjani kwa madaha akiniigiza nilivyonyata, akafika dirishani akajaribu kulipanda. Nilitamani ardhi ipasuke. Na leo ningetoa chochote nimwone tena vile, na watu wale wote, wengi wao hawapo.

Mimi nikawa natazama uso wa mama tu. Nikamwambia, mbele ya watu, sikuwa tena na cha kuficha, "Mama, nimefuata pasipoti. Uliisahau. Haipo chini ya godoro. Iko wapi?"

Mama akatazama ufuta.

Simu yangu ikalia mfukoni. Hamisi. Kwa zile glovu nikaigusa vibaya ikafunguka sauti kubwa, uwanja mzima ukasikia: "Dada, umeshafika Nachingwea? Wifi yako ananiuliza kila saa. Usiku amelia anamwita mama yake. Nimemwambia dada yangu yuko njiani, dada yangu akisema nakuja, anakuja." Nikasema niko njiani, mdogo wangu. Simu ikakatika.

Mama akaanza kufungua kibwebwe kiunoni, kanga ile ya kwanza, halafu ya pili, na ndani ya pindo la pili, lililofungwa mafundo matatu, ikatoka pasipoti yangu. Ilikuwa ya moto kwa mwili wake.

"Sikusahau," akasema. "Nilijua utaifuata. Nilitaka safari ikukatae yenyewe, nisiwe mimi niliyekataa."

Mama yangu hakuwa mtu wa kulia mbele za watu. Siku ile alilia amesimama, bila kuficha uso, na mimi nikamshika, ufuta unanidondoka kichwani unamwagikia yeye. Nilikuwa na hasira, nawaambia ukweli, hasira kubwa, goti linatoka damu na nusu ya kijiji kimeniona nimening'inia dirishani. Lakini hasira ile ilikosa pa kukaa. Miezi yote ile mimi nilikuwa napanga sweta na ming'oko, na yeye anapanga atakaaje peke yake ndani ya nyumba ile, na sikuwahi kumuuliza.

Suala la mimi kugeuka nyuma baada ya dua likamalizwa na Saidi, maana kwetu mtani ana ruhusa zake. Alichota majivu jikoni akanipaka kwenye paji la uso, kisha akampaka na mama, akasema, "Hakugeuzwa na safari huyu, amegeuzwa na mimi Myao, nilimwangusha kwenye mkorosho. Nuksi yote ije kwangu, nitaikaanga nile." Akanipeleka Nachingwea kwa pikipiki yake. Shangazi Somoe alipofungua mlango akaniona na majivu, damu, ufuta na baibui lake vipandevipande, hakuuliza. Alisema tu, "Yalimwagika."

Nikaenda Qatar. Wifi alijifungua salama, nikamkanda, nikampikia uji, nikaogopa ngazi zinazotembea, nikarudi. Mama tulikaa naye msimu huo na mwingine, halafu akatutoka, na katika siku hizo zote hatukuizungumza pasipoti hata mara moja, isipokuwa akiniona naelekea dukani alikuwa anauliza, "Utapita mlango gani?"

Nimeapa mambo mawili tangu siku ile. La kwanza, sipandi tena dirisha la mtu, hata nyumba ikiungua. La pili ni kwamba nikitaka kusafiri, hata iwe ni kwenda Ruangwa kulala siku moja, naketi kwanza na anayebaki, namuuliza, "Unaniruhusu kweli?" Akijibu haraka huku anatazama pembeni, naliacha begi, naomba chai, tunazungumza kwanza.