Hakuna Anayefika Mlangoni

Mama wa nusukaputi, yule anayewalaza wagonjwa kabla ya kisu, hana haraka. Husugua viganja kwanza vipate joto, ndipo amguse mtu. Kisha humwambia, kwa sauti ya kuomba chumvi kwa jirani, "Hebu nielekeze kwako." Mgonjwa huanza: ukitoka stendi, pinda kushoto... Hakuna aliyewahi kufika mlangoni. Muuguzi anayempokeza daktari visu ameyaona haya miaka kumi na tisa, na kila siku yanamchoma kama pilipili jichoni. Fomu za kusomea kazi ya usingizi zililetwa mbili, moja ya mama huyo, moja yake. Yeye, bwana mkubwa, akasema hakai darasani na mvi zake. Mwenzake akaenda, akarudi na cheo, akajenga. Tangu hapo yeye huwaambia watu, "Kulaza watu ni kazi? Hata hotuba zinalaza."

Basi ugonjwa wa ngiri ukampandisha mezani yeye mwenyewe. Akaapa kumuumbua mama wa watu. "Leo nafika mlangoni, dada."

"Haya kaka, nielekeze."

Akaanza kwa kishindo: kisima, kinyozi, kona ya fundi baiskeli, halafu ulimi ukawa mzito.

Alipozinduka, kiganja chenye joto kilikuwa begani pake. "Nilifika?"

"Umefika, kaka. Peke yako tangu nianze kazi. Geti la kijani, vigae vyekundu, tangi juu ya paa." Akamvutia shuka hadi kifuani. "Ila hapo ni kwangu."