Ng'ombe Waliokonda Kiangazi

Kisa hiki sikuhadithiwa na mtu. Nilikuwepo mwenyewe, hatua moja nyuma, kwenye ofisi ya mfuko wa uwekezaji hapa Bariadi. Mbele yangu bwana mmoja wa Ngulyati, mtanashati kweli, aligonga kioo cha dirisha la karani kwa fimbo.

"Binti, nirudishie hela yangu yote ya pamba! Nilinunua vipande vya mfuko wenu ili vizae, sasa nasikia bei imeshuka. Hiyo ni ada ya mwanangu ya chuo!"

"Anaingia chuo lini, baba?"

"Yuko darasa la tatu."

Binti akaweka kalamu chini taratibu. "Ng'ombe wako unawaweka wapi?"

"Wengine kwangu, wengine kwa shemeji kule Ipililo, wengine kwa rafiki kule Nassa. Ugonjwa ukija usinimalizie wote."

"Kiangazi wakikonda, unawauza?"

"Mimi kichaa?"

"Basi hivi vipande navyo ni ng'ombe, wamekonda tu, baba. Na mfuko umewagawa kwenye mazizi mengi, kampuni hii na ile."

Bwana akashusha fimbo. "Mvua zikinyesha nitakuja kuwatazama."

Ndugu msomaji, ng'ombe tunamvumilia kiangazi kizima, lakini hela tunaidai izae kabla ya Jumamosi.

Yote ni kweli tupu. Nilichobuni ni kusimama nyuma yake tu. Asubuhi ile dirishani palikuwa na mteja mmoja tu, na fimbo ninayo bado.