Honi Iliyosikika Kijiji Kizima

Juma lililopita, kwenye baraza la hospitali hapa Tabora, niliketi karibu na kijana mmoja karani, mkono umefungwa bandeji. Jana yake, akitokea Kigwa kwa pikipiki kwa ile njia ya zamani ya wapagazi inayokwenda sambamba na reli, alimgonga mama mtu mzima aliyekuwa akivuka na mzigo wa kuni kichwani.

Mlango wa wodi ukafunguka, akatoka mume wa yule mama, ameikumbatia kanga ya mkewe. Kijana akainuka.

“Shikamoo, baba. Anaendeleaje?”

“Marahaba. Ametutoka, mwanangu.”

“Baba, nilipiga honi. Wallahi, niliipiga toka mbali!”

“Najua. Kijiji kizima tuliisikia,” mzee akajibu taratibu. “Ila mwenzangu alikuwa kiziwi tangu utotoni.”

Akaenda kutafuta gari la kumrudisha marehemu nyumbani. Nikamuuliza kijana alikuwa akiwahi nini.

“Sikuwa nawahi kitu, bwana,” akasema, macho chini. “Nilitaka tu kulipita gari moshi.”

Ndugu zangu wenye pikipiki, honi humwomba mwenzako apishe. Kupunguza mwendo ni kazi yako mwenyewe.