Amplifaya Iliyokohoa Kabla ya Kuimba

Sisi tuliokua wakati sabuni inapangiwa foleni tunajua kusubiri. Watoto wa siku hizi hawajui, na sisemi kwa ubaya, maana wengine nimewalea mwenyewe. Enzi zetu hata muziki ulisubiriwa. Unawasha, unakaa, unapuliza vidole kwa ile baridi ya Njombe ya mwezi wa saba, na sauti inakuja ikishapenda.

Naandika nikiwa na hasira. Sijui kama ni vizuri mtu aandike hivyo. Elimu yangu ni ya darasa la saba, na daftari hili nimelizoea kwa mambo ya mvua na kuku. Lakini juzi mpwa wangu Ayubu alikuja na simu yake, akanionyesha kitu, na tangu siku hiyo silali vizuri. Nitafika huko. Kwanza niseme ilivyokuwa.

Nyumba yetu ilikuwa pembeni ya mji, kwenye miwati, ile miti inayopandwa kwa ajili ya magome. Asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe kwa barafu, nasi tunakwenda shule peku, kila mtu na ukuni wake mkononi, tunakimbia ili miguu isituume. Chakula cha kurudi kilikuwa viazi vya kuchemsha na chumvi, na peasi za jirani ambazo jirani alijua tunaziiba na akajifanya hajui. Tulicheza rede mpaka mama aite. Na nyuma ya hayo yote, kutwa, kulikuwa na gitaa la kaka yangu.

Kaka Zakayo alinizidi miaka saba. Gitaa lake la kwanza alilitengeneza kwa galoni la mafuta na waya za breki za baiskeli. Mama alikuwa akisema, "Mtamwamsha Mungu kabla ya saa yake," lakini hakulitupa. Kisha mjomba wetu akarudi kutoka migodini Zambia, na gitaa la umeme, jekundu, limechubuka, pamoja na santuri za roki. Mle ndani ya santuri magitaa hayakulia kama ya bendi tulizozisikia redioni, yale matamu ya kudondoka kama matone. Haya yalinguruma. Yalikuwa na mkwaruzo, kama mtu aliyelia sana na bado ana la kusema. Kaka aliisikia sauti ile, akairudia siku nzima. Mjomba akampa gitaa.

Gitaa la umeme bila amplifaya ni ubao tu. Kanisani kwetu vijana walikuwa na kikundi, na kanisa lilikuwa na jenereta lake. Wazee wakakubali kwamba vitu vya sikukuu ya mavuno, mahindi, kuku na viazi vinavyonadiwa pale nje ya kanisa baada ya ibada, mwaka ule vitanunua amplifaya. Kaka aliruhusiwa kwenda kuichagua. Niwe wa haki hapa: wazee wengi wasingemwamini kijana wa miaka kumi na tisa. Wetu walimwamini. Yeye naye alikuwa amemwambia mama kwamba kama amplifaya ikipatikana, atabaki nyumbani na kikundi. Isipopatikana, atakwenda kupasua mbao na wenzake. Mama hakutaka aende. Mimi sikutaka kabisa.

Akaomba aende na mimi. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Alisema mtu anayepiga hasikii sawasawa, anasikia vidole vyake, kwa hiyo anahitaji masikio ya mtu mwingine yasimame mlangoni. Nyumbani ndivyo tulivyofanya siku zote: yeye anapiga, mimi nasimama mlangoni nasema.

Tulipanda lori la mbao mpaka Makambako. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, maduka yaliyokuwa na rafu tupu yamejaa ghafla, na pale njia panda, karibu na stesheni, watu wa kila mkoa wanauza kila kitu: mitumba, redio, masufuria, saa. Tuliingia kwa Bwana Hemedi, mtu wa Tanga, kofia nyeupe, meno mekundu kwa tambuu. Alikuwa na amplifaya mbili. Moja mpya, imetoka Dubai, nyepesi, ina vitaa vya kijani vinavyopanda na kushuka. Ya pili ilishuka na treni kutoka Zambia, nzito kama gunia la mahindi, kitambaa kimechanika mbele, na ndani yake sauti inakuzwa na taa za kioo badala ya zile chembe ndogo za kisasa.

"Bwana mdogo, chukua hii mpya," Hemedi alisema. "Inasafisha sauti. Mchungaji wako akihubiri, atasikika mpaka Iringa."

"Naomba nizipige zote, mzee wangu."

"Piga. Lakini hiyo kuukuu usiiguse kabla haijapata moto. Mimi sikufichi, inasumbua kama mke mkubwa."

Kaka akapiga ile mpya. Mimi nilisimama mlangoni, kisha nikavuka barabara, nikasimama kati ya malori. Ilisikika yote, kila uzi mahali pake, kama mtangazaji anasoma taarifa ya habari. Kisha tukaisubiri ile ya zamani. Zile taa zikaanza kuwa na rangi ya chungwa, harufu ya vumbi lenye joto ikatoka. Kaka akagusa uzi mmoja. Ikakohoa. Nasema ukweli, ilikohoa kwanza, halafu ikaimba. Akipiga taratibu, ilikuwa tulivu. Akikaza mkono, ilikwaruza na kunguruma, na utingo mmoja akashuka kwenye lori lake akaja kutazama.

Nilirudi ndani. Kaka akainua uso kunitazama.

"Hii," nikasema. "Ile nyingine inasema kila kitu sawasawa. Hii inajua unapokasirika."

Hemedi alicheka mpaka akashika kaunta. "Kumbe fundi ni huyu binti. Mimi nimekaa hapa nauza hewa." Alitufungia blanketi bure juu ya amplifaya, isigongwe njiani.

Jumapili ya kwanza kanisa lilijaa. Kaka akaiwasha mapema, wakati wa matangazo, ipate moto. Kikundi kilipoimba, gitaa likaanza chini, zuri, na kwenye pambio la mwisho kaka akakaza mkono. Ikanguruma kama kule barabarani. Wasichana wa darasa langu waliokuwa benchi la nyuma yangu wakaanza kucheka. Mmoja akasema, "Dude la kaka yako linaumwa tumbo." Wakacheka zaidi. Nilihisi masikio yanaungua.

Nje, baada ya ibada, Mzee Mgaya, mzee wa kanisa aliyesimamia mnada wa mavuno, alinijia. Alikuwa mtu mwema. Hakupiga kelele.

"Kamwene, binti. Wewe ulikuwepo kuchagua. Ile sauti ya mwisho ndivyo inavyotakiwa, au chombo kina ugonjwa?"

Wale wasichana walikuwa wamesimama pale pale, wanangoja.

"Labda kinaumwa, mzee," nikasema.

Hayo tu. Nilijua. Nilikuwa mtu pekee mle kanisani, ukimtoa kaka, aliyejua kabisa kwamba ni kizima, na niliulizwa mimi.

Wiki ile kaka alikwenda Ipelele kumchukulia mjomba mbegu za viazi. Wazee wakaona wamsaidie. Wakaipeleka amplifaya kwa fundi redio wa mjini. Sitaki kumwonea fundi yule, aliambiwa atoe mkwaruzo, akautoa. Alizing'oa zile taa za kioo, akaweka vyombo vya ndani vya redio kaseti. Zile taa alizirudisha zote kwenye kopo la maziwa, hakuiba hata moja, ila mbili zilikuwa zimepasuka. Wazee wakafurahi. Waliona wamemwandalia kaka zawadi.

Kaka alirudi Jumamosi. Aliwasha, na kabla hajakaa, sauti ikatoka. Papo hapo. Alitazama nyuma ya kasha, akaona kopo. Jumapili alipiga wimbo wote, safi, kila uzi mahali pake, na watu wakapiga makofi kuliko mara ya kwanza. Akachomoa waya, akawashukuru wazee, akaenda nyumbani. Baada ya wiki mbili alikuwa kwenye mbao. Gitaa alimwachia mtu wa Tandala. Lile kasha, kanisa lilipopata vyombo vingine, lilikuja kwetu, na kuku walitagia humo miaka mingi.

Nimewakasirikia wazee, nikajiambia hawakujua. Nimemkasirikia fundi, nikajiambia alitumwa. Wale wasichana walikuwa watoto, na mmoja wao alinilelea mwanangu nilipougua. Kila ninayemshika ana sababu yake nzuri, isipokuwa mimi.

Sasa juzi. Ayubu ni mwana wa Zakayo, anapiga gitaa. Alikuja kwangu na baba yake, akaunganisha gitaa kwenye simu, na kwenye simu kuna picha za amplifaya, zimepangwa kama mayai. Unagusa picha, sauti inabadilika. Hakuna kupata moto. Hakuna kubeba. Hakuna lori.

"Shangazi," akasema, "baba anasema wewe ndiye ulikuwa na masikio. Ipi inafanana na ile yenu?"

Kaka akaja akasimama karibu na mlango. Nywele nyeupe, kidole kimoja kimeliwa na msumeno. Ayubu akapiga ya kwanza, ya pili. Nilikuwa nimejiandaa kusema hakuna. Nilitaka sana kusema hakuna, ni takataka zote. Akapiga ya tatu. Ilikohoa. Halafu akakaza mkono.

Sikuweza kudanganya mara mbili.

"Ya tatu," nikasema.

"Ndiyo hiyo," kaka akasema. Akasikiliza kidogo. "Mpaka leo sijui nani aliwaambia wazee inaumwa."

"Ni mimi."

Ayubu aliacha kupiga. Kaka alitazama chini, akasugua kile kidole kifupi.

"Basi walimuuliza aliyejua," akasema. Akatoka nje kuangalia ndama.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza, nami ningejitetea kwa ule umri wangu, na wale wasichana, na yale macho yao. Nimebaki na maneno yangu yote, sina pa kuyapeleka isipokuwa humu.

Ayubu alifunga simu akaitia mfukoni, na sauti ile ndani yake, pamoja na nyingine ambazo hata hajazifungua. Sisi tulikuwa na moja. Tuliisafirisha juu ya mbao, tumeikumbatia ndani ya blanketi, na wiki moja baadaye haikuwepo. Yeye akiikosea ataigusa tena, itarudi ilivyokuwa. Namwonea wivu kwa hilo, na namkasirikia kwa wivu huo, na najua hana kosa. Nilimwambia kitu kimoja tu wakati anaondoka: akipiga, aweke mtu mlangoni. Alicheka, akasema siku hizi simu yenyewe inasikiliza.