Bibi yangu wa Tarime na habari ya Ruthu

Wakuu, habari za jioni. Wakubwa wote humu, shikamooni.

Hii ni stori ya nyumbani kwetu na sijaongeza chumvi. Mama yangu bado yupo hai, anayetaka kubisha nitampeleka kwake.

Jumapili iliyopita mhubiri huku mjini alifundisha habari ya Ruthu. Mabinti wakaambiwa Boazi wao, yaani mume kama yule aliyemwoa Ruthu, yuko njiani, wapokee. Kanisa zima amina. Mimi nikamkumbuka bibi.

Turudi miaka ya ujamaa. Tulikuwa tumehamishiwa kijiji kipya jirani na Kerende, nyumba zimepangwa mstari kama darasani.

Bibi Wankuru alikuwa mjane na hakujaliwa mtoto wa kiume. Kwetu Wakurya nyumba ya namna hiyo haiachwi ife. Bibi akatoa ng'ombe wake, akamwoa mama yangu, Boke. Tunaita nyumba ntobhu.

Msianze kuwaza mambo yenu, hakuna mapenzi pale. Mama anazaa na mwanaume wa ukoo, watoto wanakuwa wa nyumba ya bibi. Baba mzazi tulimjua, akipita tunamwamkia kama jirani yeyote.

Bibi alikuwa mkristo serious. Kisomo cha watu wazima kilipokuja alijifunza kusoma uzeeni, na kitabu pekee nyumbani kilikuwa Biblia. Akitoka shamba la kijiji anakaa kwenye ngozi ya ng'ombe, kidole kinatambaa chini ya mstari, anasoma kwa sauti neno moja moja. Mama anasaga ulezi pembeni, mimi nasubiri uji upoe. Natamani nirudi pale hata kwa mchana mmoja tu.

Akazaliwa mdogo wangu Mwita, wa kiume wa kwanza. Bibi alifurahi mpaka akalia.

Mimi nilibatizwa na mwinjilisti wa kwetu, hakuuliza kitu. Safari hii ya Mwita alikuwepo mchungaji mgeni, mtu wa mikoa ya kusini, mpole na mchapakazi. Akauliza baba wa mtoto ni nani. Bibi akasimama akasema mtoto ni wa nyumba yake.

Mchungaji akakataa kubatiza. Akataka mama atoke kwa bibi kwanza, aolewe na mwanaume. Yaani nyumba yetu ivunjwe. Tulirudi nyumbani, Mwita yuko kwenye kanga mpya.

Wiki hiyo hiyo mchungaji akaja kututembelea. Bibi akampa kigoda, akampa maziwa, kisha akamfungulia Ruthu, pale mwisho kabisa.

"Mchungaji, majirani walisema huyu mtoto amezaliwa kwa nani?"

Akasoma. Kwa Naomi, yule mama mkwe mjane.

"Mbona hawakusema kwa Boazi?"

Mchungaji akajibu kwamba kwao ile ni habari ya uaminifu wa Ruthu, na Boazi alioa kihalali mbele ya wazee. Bibi akasema hata yeye ng'ombe alitoa mbele ya wazee. Wakabishana kwa heshima mpaka kibuyu cha maziwa kikaisha, na hakuna aliyemshinda mwenzake.

Mwishowe Mwita alibatizwa, na mama akabaki kwa bibi. Ila kwa ajili ya ndoa ile bibi alizuiwa meza ya Bwana mpaka anafariki. Jumapili za meza alikaa benchi la nyuma, akiimba kuliko wote. Hilo linaniuma mpaka leo.

Sasa juzi, baada ya yale mahubiri ya Boazi, nikampigia mama simu. Nikamuuliza, bibi alipokuwa anasoma ile habari, yeye alijiona ndiye Ruthu?

Akacheka.

"Ruthu alichagua mwenyewe kumfuata mkwewe, mwanangu. Mimi ng'ombe zilikuwa zimeshafika kwa baba yangu."

Wakuu, bibi alimpenda mama, na mama alimuuguza bibi mpaka siku ya mwisho, hilo nimeliona kwa macho yangu. Lakini miaka yote nilidhani ubishi ule ulikuwa wa watu wawili tu, bibi na mchungaji.

Nilichojifunza ni kwamba kila mtu anayasoma Maandiko akiwa amekaa kwao, na hata ndani ya nyumba moja hatukai sehemu moja.

Kwenu habari ya Ruthu inasomwaje? Na mama zenu, kuna aliyewahi kuwauliza wao wanaionaje?