Zinabora

Nilipopangiwa kazi ya ubwana shamba Kasulu mwaka 2013, nilifika na kiburi changu kizima. Nilikuwa nimetoka Lushoto, kwenye milima ya kabichi, na Kiswahili nilikiona ni mali ya nyumbani kwetu. Waha wakiongea Kiha mbele yangu, nilisubiri wamalize kisha nikaendelea na somo. Sikuuliza neno hata moja lina maana gani. Leo nikikumbuka, natamani kujizaba kofi.

Kwenye mkutano wangu wa kwanza Heru Juu nilisema "mbegu bora", akina mama wa nyuma wakacheka chini chini. Nikasema "kilimo bora", wakacheka tena. Nikadhani nimewafurahisha, nikalirudia neno lile mpaka mwisho wa mkutano.

Ng'ambo ya bonde, mkabala na nyumba niliyokuwa nimepanga, aliishi mjane mmoja mtu mzima ambaye hakuwa na habari na mikutano yangu. Maneno yake ya Kiswahili yalikuwa machache na ya kuungaunga, kwa hiyo nilimfundisha bustanini, kwa mikono. Kiangazi kile alipanda kabichi karibu na kijito, mbegu nikamletea mimi. Nyumba yake ilikuwa ya nyasi, na nyasi zenyewe zilishachoka. Kabichi zile ndizo zingempatia bati kabla mvua hazijakolea. Kila nikipita na pikipiki alinionyesha paa, kisha akanionyesha bustani, nami nilimwelewa.

Mvua za kwanza zilianza kabichi zikiwa zimefunga vizuri. Mimi nilikuwa Kitahana, kule Kibondo, kwenye mafunzo ya majuma mawili. Siku ya pili tu, mama yule akanipigia simu. Mtandao ulikuwa unakatikakatika, na wenzangu walikuwa wanapiga soga nyuma yangu.

"Bwana shamba, kabichi zinabora."

"Ndiyo, mama, nakusikia."

"Zinabora sana. Nakata majani na kisu, nakata tu, kila siku. Namwagia na maji, ziwe safi."

Nikamsahihishia sentensi yake kichwani: anataka kusema ziko bora sana, na sasa anazisafisha kwa ajili ya soko. Nilifurahi, sitaficha. "Hongera sana, mama," nikamwambia. "Endelea hivyo hivyo."

"Haya, bwana shamba. Asante."

Jioni ile niliwasimulia wenzangu habari za mkulima wangu wa mfano.

Niliporudi, harufu ilinipokea kabla sijazima pikipiki. Nilishika kabichi moja iliyoonekana nzima, vidole vikazama kwenye ute. Ugonjwa ule niliujua tangu chuoni: uozo laini, kazi ya bakteria wanaoishi udongoni. Wao husubiri kidonda, kiwe cha jembe, cha mdudu au cha kisu, na wakishapata maji huyeyusha kila kitu ndani. Dawa ya kuponya haipo. Unang'oa iliyougua unaitupa mbali, kisu unakisafisha kwa jiki kabla hakijagusa nyingine, na maji humwagi juu ya majani. Mama yule alikuwa amefanya kinyume cha hayo yote kwa karibu majuma mawili, asubuhi na jioni, kwa kisu kile kile kutoka kabichi hadi kabichi, kwa sababu mtaalamu alimwambia aendelee hivyo hivyo.

Nilimkuta bado anakata.

"Mama, kwa nini hukuniambia zinaoza?" Nilimuuliza kwa sauti ya kumlaumu, mimi.

"Nilikwambia. Nilisema zinabora."

Hapo ndipo nilipouliza, kwa mara ya kwanza tangu nifike, neno lina maana gani. Alibonyeza kabichi iliyokuwa mbele yake mpaka ikapasuka na ute ukachuruzika. Kubora, kwa Kiha, ni kuoza. Nikakumbuka mbegu bora na kile kicheko cha akina mama, masikio yakaniwaka moto.

Nikamweleza polepole nilivyosikia mimi kule Kitahana. Nilitegemea anitukane, na ningeona amenitendea haki. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ukasema hongera," akaniambia. "Nikafikiri ni pole ya kwenu."

Kisha akainamia kabichi nyingine na kisu chake, kama alivyoagizwa. Nikamshika mkono.

Tulianza kung'oa wote wawili, bila kuchagua sana, maana zilizobaki nzima zilikuwa chache mno. Hatukuwa tumefika nusu ya bustani mvua ilipoanza kunyesha. Akanyoosha mgongo, akatazama lile paa la nyasi ng'ambo ya kijito.

"Pole, mama," nikamwambia.

Akanitazama usoni kwanza, ahakikishe nimemaanisha nini.