Rili Moja ya Noelene Pascoe

Noelene Pascoe hakumwamini mtu anayesifia kitu kabla hajaulizwa. Miaka yote aliyoendesha garimoshi la miwa hapa Callan, alishuka mwenyewe kukagua breki za mabehewa, hata kama fundi ameapa kwamba ziko sawa. Alipostaafu, tabia hiyo akaihamishia mtoni. Akinunua ndoana, anaijaribu kwenye ukucha palepale dukani, muuzaji akimkodolea macho.

Kwa hiyo rili yake ya zamani, kile kifaa cha kukunjia mshipi, ilipokwama kwa kutu, sisi majirani tulijua kazi ipo.

Alitaka rili moja tu. Noelene havui kwa boti. Anatembea ukingoni, fimbo mkononi na mkoba begani. Anarusha hapa, anasogea, anarusha pale. Hawezi kubeba fimbo tatu. Alizoea zile rili ambazo bobini zake, zile zinazozungushiwa mshipi, zinakaa juu ya fimbo na unazituliza kwa kidole gumba, na hiyo moja ilitakiwa ifanye yote: irushe chambo chepesi cha plastiki chini ya mikoko, halafu baramundi, yule samaki mkubwa mwenye nguvu, akishika, imzuie asikimbilie kwenye magogo.

Kel wa duka la wavuvi akamwekea mezani rili kubwa ya rangi ya dhahabu.

"Hii ndiyo yenyewe, Noelene. Imekuja juzi."

Noelene akapitisha kidole juu ya boksi, akamwonyesha vumbi. "Juzi ya mwaka gani?"

Kel akacheka. Noelene hakucheka. Akatoka mikono mitupu.

Lakini aliyemchanganya zaidi ni Vaughan Tiplady. Hao wawili walikuwa wakigombea sehemu moja kwa miaka, pale mfereji wa mashamba ya miwa unapoingia mtoni na samaki wanapojikusanya. Anayewahi ndiye anayesimama, na kwa kawaida aliyewahi ni Noelene. Salamu zao zilikuwa za kutikisa kichwa tu. Sasa ghafla Vaughan akaja hadi kwenye uzio wake.

"Nasikia unatafuta rili," alisema. "Usichukue ile kubwa. Chukua ya kati, yenye bobini nyepesi. Ukingoni unarusha vitu vyepesi kutwa nzima, kizito mara mojamoja. Njoo ujaribu yangu."

"Tangu lini unanijali?"

"Basi, nimesema tu." Akakwaruza uzio kwa kucha. "Na pale mferejini upumzishe kidogo. Samaki wamehama. Njoo kule darajani tuvue wote."

Noelene akamtazama kuanzia kofia hadi viatu. "Na Biskuti yuko wapi leo?"

Biskuti alikuwa mbwa wa Vaughan, mdogo, mwekundu, asiyebanduka miguuni pake.

"Yuko nyumbani. Mguu unamsumbua," Vaughan akasema, huku macho yake yako kwingine.

Jioni ile Noelene alikuja kwangu, hata kiti hakukitaka.

"Yule mzee anautaka mfereji wangu. Kwanza ananipa ushauri, halafu ananiambia samaki wamehama. Wamemuaga yeye?"

"Labda ameamua kuwa jirani mwema," nikasema.

"Vaughan? Aliyeninyima ndoana moja, mvua inaninyeshea, na kikasha chake kimejaa?"

Kesho yake akarudi kwa Kel, akanunua ile kubwa ya dhahabu. Hakuipenda. Aliinunua kwa sababu Vaughan alimwambia asiinunue.

Akaenda nayo mtoni. Chambo kizito kilikwenda mbali, vizuri tu. Akafunga kile chepesi, akarusha. Bobini nzito ikazunguka kasi kuliko chambo kilivyokwenda, mshipi ukafumuka na kujisokota hadi ukafanana na kiota cha ndege. Akajaribu tena, kiota kingine. Akakaa chini ya mvinje, akaanza kufumua mafundo kwa kucha na meno, akimtukana Kel, akimtukana Vaughan, akijitukana mwenyewe.

Hapo ndipo alipomwona Vaughan anakuja peke yake, bila fimbo. Akasimama juu kabisa ya mfereji, akaangalia maji kwa muda mrefu. Kisha akavunja tawi, akalilaza kwenye kijia cha kushukia, juu ya matawi mengine yaliyokuwepo tayari.

"Nimekushika!" Noelene akainuka. "Unanifungia njia!"

Akampita kwa hasira, akaruka matawi, akaanza kushuka.

"Noelene, rudi! Usishuke huko!"

"Kwani mto una jina lako?"

Vaughan, ambaye magoti yake yanalia akipanda ngazi za benki, alikimbia. Akaushika mkanda wa mkoba wa Noelene na kuuvuta, nusura waanguke wote. Noelene aliinua fimbo ampige nayo. Kisha akaona tope.

Kulikuwa na mburuzo mpana, laini, kama mtu ameburuta gunia la saruji hadi majini, na pembeni yake alama za nyayo zenye kucha.

Walipanda juu. Noelene ndiye aliyeanza kusema.

"Biskuti hayuko nyumbani."

"Hayuko." Vaughan akavua kofia. "Nilimfungua mwenyewe akanywe maji. Mabango ya kuonya kuhusu mamba yamesimama kila mahali, nami nimeishi hapa maisha yangu yote. Nilikuwa nafunga fundo. Nilisikia maji tu."

"Na mkeo, Marge?"

"Nimemwambia alikimbia. Kila jioni anatoka nje kumwita. Nikiwaita walinzi wa wanyamapori, atajua."

"Ungeniambia mimi."

"Ungeniamini?"

Noelene akafikiri. "Nisingekuamini."

Akawapigia walinzi simu palepale. Kisha akamsindikiza Vaughan kwa mkewe, maana hakuamini kwamba angesema asiposimamiwa. Marge alisikiliza, akamtupia mumewe kitambaa cha vyombo usoni, akalia sana, kisha akateleka chai ya watu watatu.

Walinzi walitega kizimba, wakamtoa mamba mrefu kuliko gari la Kel. Wakati huo Noelene na Vaughan walikuwa wakivua darajani, juu ya ukingo mkavu. Huko ndiko alikokubali hatimaye kuijaribu rili ya Vaughan. Alirusha chambo chepesi, kikatua chini ya tawi kama alivyotaka. Akarusha kizito. Akafungua kifuniko cha pembeni, akachungulia, akabana breki na kuvuta mshipi kwa mkono hadi ukamkata kidole.

"Kasoro yake iko wapi?"

"Haina."

"Kila kitu kina kasoro."

Akairusha siku nzima, hakuipata kasoro yoyote, na jambo hilo lilimkera. Kel alikubali kumbadilishia ile kubwa kwa ya kati, huku akinung'unika. Noelene alikataa aliyopewa mkononi, akachagua boksi la nyuma kabisa ya rafu.

Siku hizi ukiwatafuta utawakuta darajani, wamesimama mbali kidogo mmoja na mwenzake. Walinzi wametangaza kwamba mfereji uko salama. Vaughan alipompa habari hiyo, Noelene alirusha kwanza, akaangalia chambo kikitua.

"Wamemtoa mmoja," akasema. "Nani amewahesabu waliobaki?"